Kushika Mizani Yetu Wenyewe: Historia Fupi ya Programu Huria na ya Watu Waliojitunzia Madaftari Yao

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mtasoma habari za maghala, za mitambo ya kukoboa kahawa, za barabara na za fedha. Mimi nimeombwa na Halmashauri niandike habari ya chombo ambacho wageni wetu hawakioni, nacho ni ile kompyuta iliyomo katika chumba cha nyuma cha ofisi ya hesabu. Ndani yake mna daftari la kila mwanachama, tangu kilo alizoleta mpaka shilingi alizolipwa. Wengi huuliza kwa nini Chama kinajisumbua kuitunza kompyuta hiyo chenyewe, hali ziko kampuni kubwa za ng'ambo zilizo tayari kututunzia madaftari yetu kwa ada ya kila mwezi. Jibu la swali hilo lina historia iliyo ndefu kuliko umri wa Chama chetu, tena historia hiyo inafanana na yetu kwa namna ya ajabu.

Kila mzee wa ushirika aijua habari ya mizani. Mkulima alipopeleka mzigo wake kwa mnunuzi, mizani ilikuwa ya mnunuzi, kalamu ilikuwa ya mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Huenda alikuwa mtu wa haki, na huenda hakuwa. Mkulima hakuwa na njia ya kujua. Watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikusudia kuuziana chakula kisichoghushiwa kwa kipimo kamili. Wakulima wa Kilimanjaro walioanzisha chama chao mwaka 1925, nacho kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., mwaka 1933, walikusudia kuuza kahawa yao kwa pamoja badala ya kila mtu kusimama peke yake mbele ya mnunuzi. Siku hizi mizani, kalamu na daftari vimeingia ndani ya kompyuta, na kinachoviendesha ni programu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali lile lile la wazee: Je, programu ni ya nani, na ni nani awezaye kuitazama ndani?

Zama za kuazimana

Kompyuta za kwanza za biashara zilijaza chumba kizima, na aliyenunua au kukodi moja alipewa programu pamoja nayo, kama mnunuzi wa jembe apewavyo na mpini wake. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta za IBM katika sehemu za Los Angeles, Marekani, waliona ya kuwa kila kiwanda kinaandika upya kazi ambayo jirani yake amekwisha kuiandika. Wakaunda umoja, wakauita SHARE, jina lenye maana ya kushirikiana, wakaanza kupeana programu na maarifa. Baadhi ya wanachama wake walikuwa viwanda vya ndege vilivyoshindana vikali sokoni. Lakini katika jambo hili walitambua kwamba kisima kimoja cha jamaa ni bora kuliko mashimo kumi yasiyofika majini.

Hali hiyo ilibadilika pole pole. Mwezi wa Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba programu zake nyingi zitatozwa bei mbali na mashine. Katika miaka iliyofuata biashara ya programu ilikua, na pamoja nayo ikaenea desturi mpya. Mnunuzi alipewa programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, wala hakupewa msimbo, yaani yale maandishi ya asili ambayo fundi huyaandika na fundi mwenzake aweza kuyasoma. Mtu asiye na msimbo hawezi kujua kwa hakika programu inafanya nini, wala hawezi kuirekebisha inapokosea. Ni sawa na mizani iliyotiwa lakiri: sindano waiona, lakini kinachoisukuma hukijui.

Mashine ya kuchapa iliyokwama

Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha M.I.T. nchini Marekani, alikuwako fundi kijana jina lake Richard Stallman. Maabara yao ilikuwa na mashine ya kuchapa iliyozoea kukwama karatasi, nayo ilikaa mbali na watu walioitumia. Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake, hata mashine ilipokwama, wenye kazi walipata habari katika kompyuta zao, na mmoja wao akaenda kuikwamua. Kisha ikaletwa mashine mpya, nzuri zaidi, lakini isiyo na msimbo. Nayo ilikwama vile vile. Stallman alikwenda kwa mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akamwomba kwa adabu ya kazi. Yule akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi asimpe mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini mabishano makubwa juu ya haki mara nyingi huanza na jambo dogo, kama kilo mbili zilizopungua katika gunia. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta, aliouita GNU, ambao kila mtu ataweza kuusoma na kuutumia. Januari 1984 akaacha kazi yake chuoni ili chuo kisije kudai kuwa mfumo huo ni mali yake. Mwaka 1985 likaanzishwa shirika la kuisimamia kazi hiyo, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ambayo mafundi huiita GPL.

Haki zilizokusudiwa ni nne. Ya kwanza, mtu aitumie programu kwa kazi yoyote. Ya pili, auchunguze msimbo wake na kuubadili. Ya tatu, awape wengine nakala. Ya nne, awape wengine hata ile aliyoirekebisha. Leseni ya GPL iliongeza sharti moja ambalo mwana ushirika atalielewa mara moja: anayeigawa programu hiyo, iwe yenyewe au iliyorekebishwa, lazima awape wapokeaji haki zile zile alizopewa yeye. Hakuna ruhusa ya kuchota katika kisima cha wote na kisha kukiwekea kufuli.

Hapa lugha yetu ina bahati. Waingereza hutumia neno moja kwa maana mbili, wakalazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba habari yao si ya bei. Kiswahili kina neno huru na kina neno bure, wala hayachanganyiki. Programu huria yaweza kuuzwa, na mafundi wake waweza kulipwa vizuri. Kilichokatazwa ni kumfunga mtumiaji.

Kazi ya wengi

Kufikia mwaka 1991 Stallman na wenzake walikuwa na vyombo vingi, lakini kiini cha mfumo kilikuwa hakijakamilika. Tarehe 25 Agosti mwaka huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwaandikia wenzake kwamba anaunda mfumo mdogo kwa kujifurahisha tu. Kazi hiyo ndiyo Linux. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, na mafundi wa nchi mbalimbali wakaanza kumletea masahihisho. Sehemu hizo mbili zilipounganishwa, mtu wa kawaida aliweza kuichukua kompyuta ya bei nafuu na kuifanya seva, yaani kompyuta inayowahudumia wengine, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mfano ulio karibu zaidi na ushirika ni ule wa Apache, programu ya kuhudumia kurasa za mtandao. Seva nyingi za mtandao wa siku zile zilitumia programu iliyoandikwa na Rob McCool katika kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1994 McCool aliondoka, na maendeleo yake yakasimama. Lakini watu walioiendesha katika seva zao wenyewe walikuwa wameisahihisha, kila mmoja kwa haja yake. Mwaka 1995 wanane kati yao walikusanya masahihisho yao mahali pamoja, wakaanza kuyapima na kuyapigia kura. Katika muda wa mwaka mmoja hivi programu yao ikawa ndiyo inayotumiwa na seva nyingi kuliko nyingine yoyote duniani. Zingatieni, ndugu: watu hao hawakuwa wafanya biashara wa programu. Walikuwa wenye nyumba waliotengeneza paa zao, na kila aliyegundua dawa ya kuvuja akamwambia jirani.

Kuhamia nyumba za kupanga

Basi ilikuwaje watu wakaziacha nyumba zao? Sababu yake haikuwa uvivu tu. Kutunza seva ni kazi: yataka umeme, maarifa na macho ya kila siku. Google ilipofungua huduma yake ya barua pepe tarehe 1 Aprili 2004, ilimpa kila mtu nafasi ya gigabaiti 1 bila malipo, wakati ambapo huduma nyingine nyingi za bure zilitoa megabaiti chache. Kuanzia mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilikodisha nafasi na nguvu za kompyuta zake kwa saa. Watu na vyama wakahamia huko, na jambo hilo likaitwa kuhamia winguni, ingawa wingu lenyewe si kitu ila kompyuta za mtu mwingine.

Mpangaji hufurahia nyumba mpaka siku mwenye nyumba anapobadili shauri. Mwaka 2009 huduma ya GeoCities, ambamo watu wengi sana walikuwa wameweka kurasa zao za kwanza, ilifungwa na mwenyewe. Tarehe 1 Julai 2013 Google ilifunga huduma yake ya kusomea habari, Google Reader, ijapokuwa wasomaji wake walilalamika. Na mwezi wa Juni 2013 Edward Snowden, aliyefanya kazi ya ujasusi wa Marekani, alitoa nyaraka zilizoonyesha jinsi serikali yake ilivyokuwa ikizipata habari za watu kutoka katika kampuni hizo.

Zaidi ya hayo, sharti la GPL lilikuwa na tundu. Lilimhusu anayegawa programu; lakini anayeiweka katika seva yake na kuwakodisha watu huduma hakuigawa, kwa hiyo hakulazimika kuwaonyesha msimbo. Novemba 2007 ikatolewa leseni nyingine, AGPL, iliyoliziba tundu hilo: mwenye kuirekebisha programu na kuwahudumia watu kwayo kupitia mtandao, awape nao msimbo wake. Chini ya leseni hiyo Mjerumani Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010, na mwaka 2016 yeye na wenzake wakaanzisha Nextcloud; zote mbili ni programu za kutunza mafaili, kalenda na anwani katika seva ya mtu mwenyewe. Na kwa kuwa mwaka 2012 ilitoka kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyouzwa kwa dola 35, ikawa fukara naye aweza kuwa na seva juu ya rafu.

Mambo ya Afrika ya Mashariki

Kwetu jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Hadi mwaka 2000 barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ng'ambo ya barabara iliweza kusafiri kwa setilaiti mpaka Marekani au Ulaya na kurudi, iwapo ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbili tofauti. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana mizigo yao, KIXP. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kifungwe baada ya majuma mawili hivi. Wenye kampuni hawakukata tamaa; wakadai haki yao, na mwaka 2002 kituo kikafunguliwa tena. Kisha Julai 2009 ukaanza kufanya kazi waya wa SEACOM, uliopita chini ya bahari mpaka pwani yetu. Pasipo njia za nyumbani, seva ya nyumbani ni duka lililo mbali na kijiji chake.

Na watu wa huku hawakuwa wapokeaji tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu ya ofisini ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Mwaka 2006 hospitali ya Eldoret ilianza kutumia OpenMRS, programu huria ya kutunza habari za wagonjwa, iliyokuzwa na mafundi wa Kenya, Marekani na nchi nyingine. Daktari hakuweza kungoja setilaiti iamke ndipo asome daftari la mgonjwa. Ilifaa daftari liwemo katika hospitali.

Yaliyotupata sisi

Nisiwafiche. Chama chetu nacho kilianza kwa kupanga. Miaka ya kwanza madaftari yetu yalitunzwa na kampuni moja ya nje ambayo sitaitaja, na kwa haki niseme kwamba kazi yake ilikuwa safi. Katika mwaka wa nne ada yetu ilichelewa benki, na kampuni ikatufungia mlango. Ilikuwa juma la malipo ya pili. Kwa siku 11 wanachama walisimama uani, na mimi karani wenu niliketi mbele ya kioo kilichoandikwa maneno machache ya Kiingereza, nisiweze kumwambia mzee mwenye kahawa yake ghalani ni kilo ngapi alizoleta. Waliotunza stakabadhi zao tuliwasaidia. Wasio nazo walirudi nyumbani mikono mitupu. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, basi daftari letu ni la nani?" Sikuwa na jibu.

Mkutano Mkuu uliofuata ndio ulioamua tununue kompyuta yetu na kutumia programu huria. Wala hapo nisiwafiche jambo la pili. Katika mwaka wa saba radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo karibu na ofisi, na diski ikaungua. Nakala ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa ya majuma matatu nyuma, kwa kuwa mimi niliyepaswa kuinakili kila Ijumaa nilikuwa nimelegea. Tuliyaandika upya mapokezi ya majuma hayo kutoka katika vitabu vya mizani, usiku na mchana. Kampuni ilitunyima daftari kwa ada. Mimi nilikaribia kulipoteza kwa uzembe. Kujitawala bila kuwajibika hakumfai mwanachama.

Mafunzo ya wengine

Hata wakubwa wamejifunza hivyo. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayoficha siri za mawasiliano katika seva nyingi duniani. Kampuni tajiri ziliitegemea, lakini michango iliyopewa ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kuwa kazi yake ya kila siku. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, na kila mmoja alidhani mwenzake ameusoma. Kisima cha kijiji kisichosafishwa na mtu huwatia ugonjwa wote.

Funzo jema zaidi limetoka Ufaransa. Mwaka 2014 chama cha watu wa kujitolea kiitwacho Framasoft kilianza kuwapa watu huduma za programu huria badala ya zile za kampuni kubwa. Wakaja wengi. Lakini viongozi wake waliogopa wasije nao wakawa mwenye nyumba mpya. Kwa hiyo mwaka 2016 wakasaidia kuunda umoja wa vyama vidogo vidogo, uitwao CHATONS, ambamo kila mmoja huwatunzia watu wa karibu seva zao kwa masharti yaliyo wazi. Na mwaka 2019 wakatangaza kwamba watazipunguza huduma zao wenyewe pole pole, ili watu waende kwa hao walio karibu nao. Kumbe si lazima kila mtu awe na seva chini ya kitanda chake, kama vile si lazima kila mkulima awe na mtambo wake wa kukoboa. Yatosha mtambo uwe wa watu wanaojuana, na milango yake iwe wazi kwa mwenye haki.

Basi katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu mtaletewa maazimio matatu. La kwanza, itengwe akiba ya kila msimu kwa ajili ya kuitunza na kuibadilisha kompyuta ya hesabu, pamoja na mchango mdogo kwa mafundi wa programu tunazozitumia. La pili, vijana wawili wa wanachama wafundishwe kazi hii, ili isimtegemee karani mmoja anayezeeka. La tatu, tukubaliane na chama jirani kwamba nakala yetu iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ikae kwao, na yao ikae kwetu, ili radi ya hapa isiwe msiba wa pande zote mbili.

Gharama yake haizidi thamani ya magunia machache ya kahawa. Wako watakaosema ni nyingi, na wanayo haki ya kusema hivyo, kwa kuwa fedha ni yao. Mimi naomba kila mmoja, kabla ya kuinua mkono, akumbuke zile siku 11 uani, akumbuke na yale majuma matatu yaliyoungua. Kisha aseme tumjibu nini yule mama atakapouliza tena.